Honi ya Boti ya Mzee Shomari

Asubuhi ya tatu mfululizo betri ilikutwa imekufa fofofo, na safari hii Mzee Shomari hakufoka. Alipiga simu. Raudha, aliyekuwa amepiga magoti ndani ya boti pale ufukweni Kunduchi, alimsikia akimwambia fundi mwingine wa Kinondoni, "Njoo tu. Huyu niliyenaye ni wa bajaji."

Maneno yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kwa miaka sita Raudha alifunga umeme wa bajaji kule Tabata, na hakuna dereva aliyerudi kulalamika. Boti hii ya chuma, ya kubeba abiria, ndiyo ya kwanza aliyoifunga waya zote mwenyewe. Mkaguzi alikuwa anakuja saa nne. Boti ikifeli, Raudha angerudi Tabata, na ufukwe mzima ungejua kwa nini.

"Mzee wangu, nipe saa moja kabla huyo fundi hajafika."

"Saa moja utafanya nini ambacho siku tatu hukufanya?"

Swali la haki, tena la kuudhi. Siku zote tatu Raudha alikuwa akiilaumu betri, na mafundi wote duniani wana dhambi hiyo. Leo alifunga betri yenye chaji, akazima kila swichi, akachomoa waya wa hasi, kisha kati ya waya ule na betri akaunga kitaa cha kupimia. Kila kitu kikiwa kimezimwa, kitaa hakikupaswa kuwaka. Kikawaka. Kwa unyonge, lakini kikawaka. Umeme ulikuwa unavuja.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya taa, kitaa kinawaka tu. Ya pampu ya kutoa maji, kinawaka tu. Ya honi, kikazima.

"Honi?" Mzee Shomari akaguna. "Nani kaipiga?"

 Raudha alikuwa ameshaelewa, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kwenye bajaji, honi hupewa umeme muda wote, na kitufe huunganisha tu upande wa pili na bodi ya chuma, maana bodi ndiyo njia ya umeme kurudi. Mikono yake ilifunga hivyohivyo kwa mazoea. Ila bajaji haishindi kwenye maji ya chumvi. Akanyanyua ubao wa sakafu. Waya wa honi ulikuwa umechubuka, umelala kwenye maji, shaba yake imegeuka kijani, ukimwaga umeme kwenye chuma usiku na mchana.

Angeweza kusingizia panya. Mafundi wengi wangesingizia panya.

"Kosa ni langu, mzee. Honi nimeifunga kibajaji."

 Raudha hakusubiri hukumu. Alivuta waya mbili mpya, akazipitisha juu mbali na maji, umeme ukaenda kwa waya na kurudi kwa waya, bila kugusa chuma popote. Kisha akafuata taa na pampu, kila alipokuta ameunga waya kwenye bodi ya boti akang'oa na kufunga upya. Jasho lilimtiririka. Aliporudisha fyuzi zote, kitaa kilikaa giza totoro, naye akajipigia kigelegele mwenyewe.

Mkaguzi Apolonia alifika na kipimo chake, mwanamke asiyecheka na mtu. Akawasha pampu, ikanguruma. Akabonyeza honi, wanunuzi wa samaki wakageuka. Akapima chuma cha boti mara mbili.

"Haivuji umeme," alisema, akasaini. "Imepita."

Raudha aliona karatasi ile na roho yake ikafurahi waziwazi, bila kujizuia. Simu ya Mzee Shomari ikaita. Fundi wa Kinondoni alikuwa ameshafika Mwenge.

"Geuza, braza," mzee akamwambia. "Fundi mwenyewe kaona kosa lake, kalisema, kalitoa. Nina boti nyingine mbili, nazo atafunga huyuhuyu."