Lugha Iliyoishia Tatu

Penina, mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu, alifika kwangu Kagoma na kompyuta yake na uso wa mtu aliyefiwa. Nikamuuliza nani kafa.

"Lugha, Bibi."

Nikasimamisha kisu juu ya ndizi. Mimi na darasa langu la saba nimezika watu, mbwa na redio, lakini lugha sijawahi. "Imezikwa wapi?"

"Amerika Kusini. Ni ya ukoo wa Kiarawaki. Yamebaki maneno machache aliyoandika padri mmoja, na hesabu inaishia tatu. Nisipoeleza kwa nini, narudia mwaka."

"Tatu! Kwa hiyo wakikata mikungu minne, mmoja wanauacha shambani?"

"Usinichekeshe, waitu, nakuomba. Mwenzio nimechanganyikiwa."

Nami nikachanganyikiwa. "Huyo padri aliambiwa na nani?"

"Na kikongwe mmoja, wa mwisho kuijua. Padri alimwambia ahesabu watoto wake. Akafika watatu, akacheka, akaingia ndani."

"Na wewe, kwenu mmezaliwa wangapi?"

"Tuko wengi tu," akajibu, macho kwenye kompyuta. Halafu akainua kichwa taratibu. Ndivyo tulivyomlea: kwetu watoto hawahesabiwi, wasije wakapungua.

"Bibi! Labda alikataa tu!" Uso ukamng'aa, mara ukasinyaa. "Lakini mwalimu atataka ushahidi."

"Si nipo? Washa simu, unirekodi."

Nikahesabu ndizi nilizomenya, zote, bila kukwama, ili mwalimu ajue kichwa kinafanya kazi. Kisha Penina akasema, "Sasa watoto wako." Tulishapatana: nifike watatu, nicheke, niingie ndani kama yule kikongwe. Maigizo nayaweza, nimeshadanganya mapadri watatu kwamba nina mafua.

"Mmoja," nikasema. "Wawili. Watatu…"

Wa nne ni Magdalena. Yupo pale kibanjani, kwenye migomba nyuma ya jiko, tulikomzika. Nikiendelea, namhesabu au namruka? Nikacheka. Hakikuwa kile kicheko nilichoandaa. Nikaingia jikoni.

"Safi, Bibi!" Penina akapiga makofi huko nje. "Kama yeye kabisa! Mwalimu hana la kusema!"

Nilishika mfuniko wa maharage nisijue nilikuja kuufunua au kuufunika. Nilikuwa nimekataa, au nimeshindwa? Na yule mwenzangu wa Amerika, padri alimwona akicheka akiingia. Huko ndani, nani alimwona?