Mchezo wa Dakika Kumi na Moja

Mtu akitaka mchezo mfupi wa kuigiza, hakuhangaika. Alikwenda ukumbi wa mtaa, akapita mlango wa nyuma, akabisha kwenye chumba chenye kabati la chuma. Humo alikaa Bwana Dakika. Jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Hata barua za kazini zilimjia kwa jina hilo. Kabatini mlikuwa na michezo mia mbili na kitu, yote mipya, ya watu wa leo na shida za leo: wapangaji, mabosi, simu zilizopekuliwa, ndoa za kuvumiliana. Kila mchezo ulikuwa na kadi yake, na kadi haikusimulia hadithi. Ilisema watu wangapi, viti vingapi, dakika ngapi.

Dakika alizipima mwenyewe. Alifunga mlango, akasimama, akausoma mchezo wote kwa sauti, wahusika wote yeye, saa ikiwa mezani. Na huyu bwana kusema alijaliwa. Maneno yalimtoka kama bomba lililopasuka. Alisimamia pia Jumamosi za maigizo pale ukumbini, na sheria yake ilikuwa moja: dakika kumi na tano, pazia linashuka. Vikundi vitano alasiri moja, bila sheria si mtalala humo? Mwezi uliopita aliwashushia pazia waoka mikate wakiwa wamebakiza maneno mawili. Mkuu wao alitokwa machozi, mwanamume mzima. Bwana Dakika akamwambia, "Pole, kaka. Saa haina ndugu."

Haya. Jumatatu moja akabisha ndugu mwenyewe. Alikuwa dada yake mkubwa, mfua nguo wa hospitali, ameongozana na mpiga pasi mwenzake, mwanamke mdogo kwake. Walitaka mchezo wa watu wawili. Dada huyu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na Bwana Dakika alikua akifanya kazi ya kummalizia maneno: dukani, shuleni, mbele ya wageni. Alidhani ndio msaada.

"Ninao!" alisema, hata dada hajaketi. "Mzuri kweli. Mmoja anasema, mwingine bubu. Wewe utakaa tu dirishani unatazama nje. Watu watalia, nakwambia."

Dada aliiangalia kadi, akairudisha mezani.

"Mi... miaka ishirini na sita naongea na mashine za kufulia," alisema. Bwana Dakika akafungua mdomo. "Nyamaza! Sijamaliza. Umenimalizia ma... maneno tangu una meno ya utoto. Hata nilipoposwa, aliyeitikia ni wewe! Leo nimekuja kutafuta maneno ya kusema, we mtoto unanipa kimya?"

Mpiga pasi alikohoa, akatazama dari. Bwana Dakika alinywea. Aliona aibu, ile ya kweli, inayopasha masikio moto. Akarudi kabatini, na safari hii akatafuta kwa haki.

Alichomtolea kilikuwa kisa cha wanawake wawili kwenye benchi, wakisubiri kuonyeshwa nyumba ya kupanga. Mmoja, mwenye maringo, anamfundisha mwenzake mzee namna ya kusema mbele ya mwenye nyumba asije akaumbuka. Mzee anasikiliza, anauliza hili na lile, na maneno ya mwisho kabisa ni yake: "Nyumba hii ni yangu." Hayo yasiposemwa, mchezo wote ni porojo za benchi. Kadi ilisema: watu wawili, benchi moja, dakika kumi na moja.

"Nitausema wote," dada alisema. "Na we... wewe usinisaidie. Hata herufi moja."

"Sitasema, dada."

Walifanyia mazoezi chumba cha kufulia, mashine zikishazimwa. Bwana Dakika hakwenda kuwapimia. Kumshikia dada yake saa aliona haya; isitoshe, kadi si ilikwisha kusema?

Jumamosi ikafika, ukumbi ukajaa, waoka mikate safu ya mbele. Bwana Dakika alisimama nyuma ya pazia, kamba mkono wa kulia, saa wa kushoto. Dada alianza vizuri. Alikwama, akanasuka, akakwama, akanasuka, na watu walicheka pale pa kuchekwa. Dakika ya kumi na moja, Bwana Dakika alifunua karatasi zake aone wamefika wapi. Walikuwa ukurasa wa tano, kati ya kurasa nane.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Zile dakika hazikuwa za mchezo, zilikuwa za mdomo wake. Kadi mia mbili na kitu, zote amezipima kwa mdomo wake! Na waoka mikate wa watu aliwapa mchezo wa dakika kumi na tatu, kisha akawafungia pazia kama wazembe. Lo, mtu mzima ovyo!

Kumi na nne. Kumi na tano. Upande wa pili wa jukwaa msimamizi wa jengo aligonga saa yake kwa kidole. Bwana Dakika aliikaza kamba. Akishusha, amemziba dada yake mdomo mbele ya mtaa mzima. Asiposhusha, sheria yake imekufa, na heshima yake nayo. Akaiachia kamba, pazia likabaki juu.

Dakika ya kumi na saba dada aliinuka kwenye benchi. "Ny..." Akakwama. "Ny..." Mpiga pasi alimsubiri, mikono mapajani. Neno lilikuwa limemjaa Bwana Dakika kinywani, linamwasha ulimi. Kulitoa ni nusu pumzi tu, na kazi hiyo ameifanya miaka hamsini. Aliuma mdomo wa chini mpaka akaonja damu.

"Nyumba hii," dada alisema, taratibu, "ni yangu."

Watu waliruka vitini. Bwana Dakika alilia nyuma ya pazia, wala hakujificha.

Makofi hayajaisha, mkuu wa waoka mikate akamfuata. "Mkuki kwa nguruwe, sivyo? Sisi ulitufungia!"

"Niliwakosea. Kadi ilikuwa ya uongo, na niliyeiandika ni mimi. Jumamosi ijayo mnaanza nyinyi, na pazia halishuki mpaka mmalize."

Mwoka mikate alikuwa amejiandaa kugomba, akakosa wa kugomba naye.

Jumatatu Bwana Dakika alizitoa kadi zote, akafuta dakika moja baada ya nyingine. Dada alikuja baada ya zamu, ananukia sabuni, akachukua mchezo wa kwanza kabatini na kuusoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akaitazama saa.

"Dakika ngapi?" Bwana Dakika aliuliza, kalamu mkononi.

"Ku..." dada alisema. "Ku..."

Saa ilikuwa pale mezani katikati yao, na Bwana Dakika namba aliiona vizuri kabisa. Alisubiri aambiwe.