Nafasi Mbili Kushoto

Lugha ya programu waliyoitumia ofisini ilikuwa ya fanksheni, yaani fungu la maagizo, ndani ya fanksheni, wala haikuwa na mabano ya kuzitenganisha. Mstari ulijulikana ni wa nani kwa umbali wake kutoka ukingo wa kushoto. Ukianzia nafasi nne ndani, ni mali ya sharti lililo juu yake. Ukianzia mbili, hautii sharti lolote. Agizo la kuwasha hita ya mashine ya kutotolesha mayai lilikaa chini ya sharti la joto kushuka chini ya nyuzi 37.5. Jumanne lilisogezwa nafasi mbili kushoto. Programu haikulalamika. Hita iliwaka mfululizo, na kufikia Alhamisi vifaranga elfu nne wa mteja walikuwa wameivia ndani ya maganda.

Ijumaa asubuhi mkuu wa kitengo, ambaye wote walimwita Mkasi, aliurusha mstari huo ukutani kwa projekta. Mbele yake walikaa kiongozi wa timu na mdogo wake wa tumbo moja, mwandishi wa programu aliyebakiza siku tisa tu kumaliza muda wa majaribio.

"Soma," Mkasi alimwambia mdogo mtu.

"Washa hita."

"Hizo herufi hata kasuku anaziweza. Nisomee kilicho kabla yake."

Nafasi tupu haina matamshi.

"Basi hesabu. Au vidole umeviacha nyumbani?"

"Mbili. Lakini bosi, mimi niliandika nne."

Mkasi akafungua kumbukumbu ya mabadiliko. Jumanne, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Jina lilikuwa la mdogo mtu. Maelezo yalikuwa maneno mawili: "Nimenyoosha mistari."

Saa hiyo alikuwa kantini, na kompyuta yake aliiacha wazi. Akamgeukia dada yake, kiongozi wa timu.

"Dada, si ulikaa kwenye mashine yangu? Ukaniambia mistari yangu imepinda kama meno ya mtoto?"

"Mimi nina mashine yangu."

"Hilo neno ni lako! Mimi lini nimenyoosha kitu?"

"Tunaona," Mkasi alisema. "Hata shati hujanyoosha." Akamtazama dada mtu. "Ulikaa kwenye mashine yake?"

"Hapana."

Mkasi hakuuliza tena. Kamera ya mlangoni ingeonyesha nani alibaki ofisini mchana ule, lakini hakuiitisha. Kumpata kiongozi mwingine wa timu kungechukua miezi sita. Mtu wa majaribio hupatikana kwa siku mbili.

"Acha kadi ya mlango mapokezi," alisema. "Kiongozi wako atakusindikiza."

Walitembea hadi kwenye lifti. Dada mtu akabonyeza kitufe.

"Ungefunga kompyuta yako, nisingekaa."

"Kwa hiyo ulikaa."

"Nyumbani usiseme kitu mpaka nirudi. Mama nitamweleza mimi." Milango ikafunguka. "Ukimweleza wewe, atanisubiri mimi aniulize kama ni kweli, na jibu langu ulishalisikia."