Mkono Uliokaa Mawinguni

Wiki ile Hermínia alikuwa kiguu na njia. Yeye ndiye aliyeshika funguo za kanisa la Mtakatifu Stefano, na kila siku alikwenda mara tatu, mara nne, kumuuliza fundi Valdemar kama kile kigae chenye mkono kitarudi ukutani kabla ya Alhamisi. Alhamisi binti yake Graciete alikuwa anapasuliwa moyo huko Porto. Na katika kijiji kile, jamani, hakuna aendaye kupasuliwa, kujifungua wala kutafuta kazi Ufaransa bila kuugusa Mkono wa Mungu.

Mkono wenyewe ulikuwa juu, umekunjuliwa katikati ya mawingu, kwenye picha ya vigae vya buluu ya Stefano akipigwa mawe. Chini yake palikaa kigoda cha kupandia, kimelika kwa visigino vya akina mama. Kanisa lenyewe ni la mawe matupu, kuta nene ajabu, na mnara waliuongeza baadaye watu waliotaka kukikomoa kijiji cha jirani, wala haukunyooka. Sasa unyevu ulikuwa umeingia ukuta wa kaskazini, vigae vikaanza kubanduka, ikabidi vishushwe vyote.

Jumatano asubuhi Valdemar alimwita. Kila kigae kina alama mgongoni, akamweleza, herufi ya safu yake na nambari. Vililetwa kutoka Lisbon kwa magari ya ng'ombe, miaka mia mbili na ushei iliyopita, na aliyevipachika, ama hakujua kusoma ama alikuwa amelewa, alivibadilishia nafasi viwili. Ndiyo maana yule mpiga mawe wa kushoto ana wingu pale palipostahili kuwa na mkono.

"Mkono ni wa yule, Bi Hermínia," alisema. "Ndio kwanza amerusha jiwe. Padri ameshaamua kila kitu kirudi mahali pake."

Hermínia akakitazama kigae. Mama yake aliugusa mkono ule siku ya kumzaa yeye. Kijiji kizima, vizazi na vizazi, kumbe kinamwomba muuaji! Alitaka kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana.

Basi la Porto lilikuwa linaondoka saa nane. Akakifunga kigae kwenye aproni, Valdemar akajifanya anakoroga chokaa, naye akakimbia nacho nyumbani. Graciete alikuwa anafunga begi. Aliweka kiganja chake juu ya kile cha buluu, akafumba macho.

"Ndio wenyewe, mama?"

"Ndio wenyewe, mwanangu. Mkono wa Mungu."

Hakuwahi kumdanganya mwanawe kabla ya siku ile. Wiki mbili zilizofuata hakula akashiba. Hata alipopigiwa simu kwamba upasuaji umekwenda salama hakutulia, maana picha ilishapachikwa upya, na Graciete anarudi, na macho anayo.

Akarudi kweli. Jumapili akaingia kanisani polepole, mkono kifuani, akasimama mbele ya picha. Akatazama juu, akaona wingu tu. Macho yakashuka hadi kwenye mkono, kisha kwenye uso wa mwenye mkono. Hermínia alikuwa amekikumbatia kigoda asijue akiweke wapi.

"Kumbe ni wa huyu," Graciete alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

Binti akasogea karibu na ukuta. Kisha akanyosha mkono wake, akaufunika ule wa muuaji kwa kiganja kizima.

"Afadhali umeshuka," alisema. "Kule juu hata kwa kigoda nilikuwa nagusa ncha ya kidole tu."

Hermínia akaketi juu ya kigoda pale pale, akalia.