Fimbo Isiyojigeuza

Nthiwa alipima mbegu kwa miaka ishirini na sita katika kituo cha utafiti cha Kiboko. Mtama, mbaazi, ndengu, zote zilipita kwenye mizani yake, na akisema gramu mbili basi ni gramu mbili. Alipostaafu alibaki hapo Kiboko na mkewe Syokau, fundi wa cherehani, na kila Jumamosi alikwenda kucheza gofu kwenye kiwanja kidogo cha mashimo tisa, ng'ambo ya barabara ya Mombasa. Kiwanja hicho hakina nyasi za kijani kuzunguka shimo, maana maji hayatoshi. Kina brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu na kusawazishwa kwa kuburuta gunia.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, alipata kiharusi kidogo. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki ukitetemeka. Mipira mirefu aliendelea kuipiga vizuri kiasi. Shida ilikuwa kwenye brauni, pale ambapo mtu anausukuma mpira taratibu uingie shimoni. Kila alipovuta fimbo nyuma, uso wa fimbo, ule unaogusa mpira, ulifunguka upande wa kulia, na ilibidi aurudishe kwa kifundo cha mkono. Kifundo hicho ndicho kilichokuwa hakimsikii. Mwezi wa Machi alikosa mipira minne mfululizo, yote ya hatua mbili tu, wenzake wakiangalia. Alirudi nyumbani akamwambia Syokau kwamba gofu imeisha.

Syokau hakubishana naye. Ila wiki hiyo Wangui, mwalimu wa gofu kutoka Nyeri anayeishi Emali, alikuja kupunguziwa suruali, na Syokau alimweleza yote huku akiweka pini.

Jumamosi Wangui alifika na fimbo mbili za kusukumia. Nthiwa alimkaribisha vizuri, akamtolea kiti, lakini hakuziangalia zile fimbo. Wangui naye hakumhubiria. Aliomba fimbo yake ya zamani, akailaza juu ya kidole kimoja mpaka mpini ukatulia sawasawa. Pua ya fimbo, yaani ncha ya mbele ya kichwa chake, ikaanguka, ikaelekea chini. Akaigeuza juu, ikaanguka tena.

Kisha akachukua moja ya zile mpya. Mpini wake haukuingilia kwenye kisigino cha kichwa, ile ncha ya upande wa mchezaji, kama ule wa zamani, uliingilia karibu na katikati. Akailaza juu ya kidole, akaielekeza mlangoni. Ikakaa. Akaielekeza angani, ikakaa. Akaizungusha ikatazama vilima vya Chyulu, na hapo pia ikakaa, kana kwamba hakuna upande wowote inaoutamani.

Nthiwa aliinuka. Aliomba aishike mwenyewe, akarudia jaribio hilo mara saba au nane, mkono ukimtetemeka, halafu akaegemeza mpini kwenye mgongo wa kiti ili asijidanganye. Ilikaa vilevile. Akaketi nayo mapajani.

"Uzito wote umekaa kwenye mstari wa mpini," alisema polepole. "Hakuna upande uliozidi."

Wangui alimwambia kwamba dukani wanaziita zero torque, yaani hazina msokoto wa kwao zenyewe. Halafu akamwambia ukweli uliobaki.

"Mzee, haitatibu mkono. Ukiigeuza wewe, itageuka. Lakini yenyewe haina haja ya kugeuka. Ile yako ya zamani ilikuwa inakuvuta, na mkono wako umekuwa ukishindana nayo kila Jumamosi."

Miezi yote hiyo Nthiwa alikuwa ameulaumu mkono peke yake. Syokau, aliyekuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni, alimwona akiufunika ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Ikabaki kuchagua. Nthiwa aliipenda ile ya kwanza, nyembamba na inayong'aa. Lakini yeye ni mfupi, na aliposimama nayo, pua ya fimbo ilielea juu ya sakafu. Wangui alitikisa kichwa. Fimbo ya namna hiyo, alisema, isipolala vizuri chini, ule utulivu wake unapungua, na macho pia hudanganyika kuhusu mwelekeo. Syokau alikuja na futi, akampima mumewe kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, mara mbili, jinsi anavyopima wateja. Ile ya pili ilikuwa nene, rangi ya jivu, haina urembo wowote, na fupi kwa inchi mbili. Nthiwa alipoiweka chini, ililala yote. Wakachukua hiyo.

Siku hiyohiyo walikwenda kiwanjani wote watatu. Syokau alikuwa hajawahi kukanyaga brauni. Mpira wa kwanza uliishia hatua moja kabla ya shimo, wa pili ukapita mbali. Nthiwa alilalamika kwamba hasikii kichwa cha fimbo kikimwambia kitu. Wangui akamjibu kwamba umbali atajifunza upya, itachukua wiki kadhaa.

Kwenye mpira wa tatu Syokau alichuchumaa upande wa pili wa shimo, akatazama. Aliuona mkono wa mumewe ukitetemeka kama kawaida. Akauona na uso wa fimbo. Ulirudi nyuma, ukaja mbele, ukitazama shimo tu. Mpira uliburura mstari mwembamba kwenye mchanga mweusi, ukatumbukia.

Hakuna aliyepiga makofi. Nthiwa alibaki ameinama palepale, akiutazama ule mstari, ulivyonyooka.

"Baba Mutanu," Syokau alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hebu fanya tena nione."

Alifanya tena. Katika mipira kumi ya hatua tatu, sita iliingia, na ile minne iliyokosa ilikosa kwa sababu nguvu ilizidi au ilipungua, si kwa kwenda upande. Wangui alipoaga, hawakumsikia vizuri. Syokau alikuwa ameshavua viatu, amesimama juu ya brauni na fimbo ile ya jivu mkononi, na mumewe akimwonyesha mahali pa kuweka miguu.