Karatasi za Joash Kutoka London

Nilisoma nikiwa nje, chini ya paa, juu ya kigoda, mwanangu Orpah ananyonya. Mke wa mwana haingii nyumba ya baba mkwe wake. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, na huivuki hata mvua ikinyesha. Mzee Ombati alikuwa ndani na mdogo wake Manasseh, mzee wa kanisa la Wasabato. Mama mkwe wangu, Mong'ina, alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi nasema naye, yeye anasema nao, ingawa ukuta ni wa udongo na kila mtu anasikia kila kitu.

Joash wangu anasoma Kifaransa katika chuo kikuu cha London. Kwa nini Kifaransa, kule kwa Waingereza? Usiniulize, nimeulizwa kutoka Mosocho mpaka Ikonge. Alikuwa ametuma ratiba ya chama cha wanafunzi wa Kifaransa, ili baba yake aone jinsi jiji lile linavyomfundisha mtu hata nje ya darasa. Ilikuja kwa meli, polepole kama konokono.

Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya pili. Mke na mtoto wanaweza kumfuata mwanafunzi, nauli italipwa, watakaa naye chumba kimoja, mradi mkuu wa familia aridhie. Atie sahihi au kidole, karatasi ifike Nairobi kabla ya Juni kwisha. Na siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tatu Juni! Lakini ningetamkaje "chumba kimoja" na baba mkwe anasikia? Heri kumeza kaa la moto. Niliikunja nikaiweka chini ya mtoto, nikingoja ujasiri.

"Soma," Mama akasema.

"Jumanne, tarehe nne Machi. Mchezo wa kuigiza kwa Kifaransa. Watu wanajifanya watu wengine, mbele ya wenzao."

"Yaani wanadanganya na watu wamewekewa viti," Manasseh akasema. "Andika asiende."

"Mama, Machi imepita."

"Anasema Machi imepita," Mama akapeleka.

"Hata kama. Aandike."

Nikaandika. Ngumbaru, shule ya watu wazima, nilikwenda miaka miwili, kila jioni, mtoto tumboni, ili nije kumkataza mtu Machi mwezi wa Juni.

"Alhamisi, sinema."

"Sinema nimeiona," Manasseh akasema, "ile ya gari la serikali, ya kuogesha ng'ombe. Si mbaya. Aende."

"Jumamosi, jumba la makumbusho."

"Siku ya Sabato! Wafaransa hawana Jumapili?"

"Halafu chakula cha pamoja. Mkate, divai na jibini."

"Jibini ni nini?" Mama akauliza.

"Maziwa yaliyowekwa mpaka yakawa magumu."

"Siku ngapi?"

"Pengine mwaka, Mama."

Ndani wakaanza. Mwaka! Ng'ombe mwenyewe angekuwa amezaa tena. Walijadili jibini mpaka kivuli cha migomba kikanifikia miguuni. Divai hakuna aliyeikumbuka, nami sikuwakumbusha. Orpah alilala juu ya maisha yangu yote, akatoa mate kidogo.

Mwisho Mzee Ombati akasema, ndiyo mara ya kwanza: "Mwana wa mtu haendi kwenye karamu za wageni peke yake. Huenda na mtu wa nyumbani, atakayerudi kusema alivyokaa. Joash ana nani huko?"

Manasseh akasafisha koo. "Mimi naweza kwenda."

"Wewe ulipotea Kisumu," Mama akamjibu. Kisha akanigeukia. "Bonareri, tangu tuanze, mtoto amelalia nini?"

Nikamnong'oneza sikioni. Yeye hakunong'ona.

"Kuna karatasi nyingine! Mke wa Joash na mtoto wanaitwa London. Watakaa chumba kimoja."

Nilijifunika uso kwa kanga. Ndani kiti kikalia.

"Chumba kimoja," Manasseh akaanza, "sasa jikoni ni—"

"Manasseh, nyamaza."

Mzee Ombati hakusema nami. Aliuambia ukuta: "Mama Orpah aambiwe kwamba mtu wa nyumbani amepatikana."

Mkono wake ukatokea mlangoni, mkono peke yake, kidole gumba kimesimama. Mama akakipaka wino wangu, akakigandamiza kwenye karatasi, mkono ukarudi ndani. Ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko jibini.

Nikamfunga Orpah mgongoni. Nikifanya haraka ningeikuta posta ya Kisii haijafungwa.

"Ngoja," Manasseh akaita. "Hatujamaliza jibini. Ameandika?"

Nikaketi tena. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa ili hata London waone: JIBINI USILE. NAKUJA KUANGALIA.