Mizani Isiyoanzia Sifuri

Fundi Mizani hakuwa na kisukari, hakuwa na presha, hakuwa na kikohozi wala meno matatu ya juu. Hakuwa na huzuni pia. Ndivyo alivyojaza kwenye fomu ya utafiti wa dawa hospitalini. Palipoulizwa kama amefiwa mwaka huo, aliandika "Hapana" kwa mwandiko wake mzuri. Utafiti ulitaka watu wenye afya tu, naye hakupenda kuachwa nje ya jambo la kisomo.

Mkewe alikuwa na miezi minne kaburini.

Siku ya kwanza, kabla ya kidonge chochote, walimlaza wakamwekea mrija mkononi. Kila nusu saa muuguzi alivuta damu, ili homoni zipimwe kabla na baada ya dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha.

"Babu, lete mkono."

"Babu yako yuko kwenu. Mimi ni fundi."

"Haya, fundi, usinikunjie uso. Damu itaogopa kutoka."

Angecheka, ila mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Muuguzi akaweka trei ya chupa palepale kitini. Mkewe hakusogea.

Wiki mbili alimeza vidonge. Kila siku mkewe alizidi kupauka, kama picha iliyoachwa juani. Siku ya vipimo vya mwisho kiti kilikuwa kitupu. Fundi alikitazama mpaka macho yakamuuma.

Daktari akaingia na karatasi, uso umechangamka.

"Mzee wangu, homoni ya msongo ilikuwa juu sana, sasa imeshuka nusu! Kwa mtu mzima wa afya kama wewe, hii ni habari kubwa. Nitaandika kwamba wazee wenye afya dawa hii inawatuliza hivi."

Fundi aliitazama ile karatasi. Miaka thelathini alikagua mizani za masokoni, na alijua kuwa isiyoanzia sifuri hudanganya mpaka mwisho, hata mshale ukitulia vipi.

Nyumbani alikaa mezani, akaandika:

"Daktari, nilikudanganya. Nilikuja kwako nikiwa mfiwa. Zile homoni za siku ya kwanza zilikuwa za msiba wangu. Zifute namba zangu, wasije wakapewa dawa watu kwa uongo wangu. Nami nisaidie kuviacha vidonge taratibu. Mke wangu ameondoka mara ya pili, na sijamlilia hata mara moja."

Akatia sahihi, akaifunga bahasha kwa gundi, akaenda posta kwa miguu na kuitumbukiza sandukuni.